Selim Bey: Askari aliyesubiri amri isiyokuja

UKIPITA Koboko siku ya soko, au ukikaa Arua mahali yanapopakia magari ya kwenda Ariwara, hutachelewa kusikia Kinubi. Muuza vitenge anapatana bei kwa lugha hiyo na mteja aliyetoka Yei. Dereva anamwita utingo wake kwa lugha hiyo. Wengi wetu tumeizoea kiasi kwamba hatujiulizi ilifikaje huku.

Ililetwa na askari. Walikuwa askari weusi wa serikali ya Misri, waliopelekwa juu ya mto Nile kabla mpaka wowote tunaoujua leo haujachorwa. Serikali yao ilipowasahau walikaa porini kwa miaka, wakipandisha bendera kila asubuhi kana kwamba meli ya mishahara ingetia nanga jioni.

Mkubwa wao aliyejulikana zaidi aliitwa Selim Bey. Wapenzi wa vitabu vya historia ya vita wanalijua jina lake, maana limo katika karibu kila kitabu kilichoandikwa juu ya Uganda ya miaka ya 1888 hadi 1893. Lakini hapa West Nile, mahali alipopiga vita vyake vikubwa, watu wengi wanaosema lugha ya askari wake hawajui kisa chake.

Ni kisa kinachowahusu hasa wale waliowahi kuvuka mpaka na familia, mizigo na mifugo, bila kujua watarudi lini.

Jeshi la Misri juu ya Nile

Misri iliitwaa Sudan kuanzia mwaka 1820. Ili kupata askari, watawala wake waliwakamata vijana weusi kutoka milima ya Nuba, nchi ya Wadinka na kwingineko kusini, wakawafundisha bunduki na kuwavalisha sare. Wengi wao waliingia jeshini wakiwa watumwa. Baada ya miaka mingi, jeshi ndilo lililokuwa ukoo wao na kambi ndiyo ilikuwa kijiji chao.

Walikuwa askari hodari. Mwaka 1863 kikosi chao cha watu zaidi ya 400 kilivushwa bahari hadi Mexico kulisaidia jeshi la Ufaransa, nacho kilirudi mwaka 1867. Baadhi ya wakongwe wa vita hivyo waliishia huku kwetu.

Kati ya mwaka 1869 na 1873 Mwingereza Samuel Baker aliitwaa nchi ya juu ya Nile kwa niaba ya Khedivu, mtawala wa Misri, nayo ikaitwa jimbo la Ikwatoria. Baada yake alikuja Gordon. Mwaka 1878 ukawa wa daktari mmoja mzaliwa wa Silesia, huko Ulaya, aliyejiita Emin. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, na baadaye dunia ilimjua kama Emin Pasha.

Vituo vya jimbo hilo vilipangwa kando ya mto: Lado, Rejaf, Dufile, Wadelai na vingine. Dufile ipo katika wilaya ya leo ya Moyo, na Wadelai ipo katika wilaya ya Pakwach. Zote mbili ziko ukingo wa magharibi, yaani upande wetu.

Selim alikuwa mmoja wa maofisa wa jimbo hilo, akiwa na cheo cha Aga. Alikuwa Msudani mweusi, mrefu na mnene. Henry Stanley, aliyekutana naye mwaka 1889, alimkadiria kuwa na umri wa miaka 50 hivi, akaandika kuwa alielekea kumpenda.

Tusiwapambe askari hao kuliko haki. Hawakuja kama wageni walioalikwa. Chakula chao kilitoka katika maghala ya wenyeji na ng'ombe wao walitoka katika mazizi ya wenyeji, mara nyingi kwa mtutu wa bunduki. Waalur, Wamadi, Wakakwa na Walugbara waliwajua kama watu wa kuogopwa. Wengi waliowafuata, wanawake kwa watoto, walitekwa katika misafara ya namna hiyo.

Njia ya kaskazini yafungwa

Mwaka 1881 Mahdi alianzisha vita dhidi ya utawala wa Misri nchini Sudan. Januari 26, 1885 Khartoum ilianguka na Gordon akauawa. Kwa askari wa Ikwatoria hilo lilimaanisha kitu kimoja: stima za kutoka kaskazini hazitakuja tena. Hapakuwa na risasi mpya, nguo, barua wala mshahara.

Emin alihamishia makao yake Wadelai mwaka huo huo. Mwaka 1886 alipata barua kutoka Cairo iliyomweleza kuwa Misri imeiacha Sudan, na kwamba yeye na watu wake wajitafutie njia ya kutoka.

Askari hawakuiamini. Kwa akili yao, Misri ilikuwa kaskazini, kule mto unakoelekea. Amri ya kuwaambia waende kusini, kwenye nchi za watu wasiowajua, waliiona kuwa hila ya kuwauza wao na wake zao.

Ndipo alipotokea Stanley. Alikuwa amezunguka kwa njia ya Congo na msitu wa Ituri, akiwa na wapagazi aliowaajiri Unguja Februari 1887, zaidi ya watu 600. Aprili 29, 1888 alikutana na Emin kwenye Ziwa Albert. Lakini msafara uliodaiwa kuja kuokoa ulifika umechakaa kwa njaa na magonjwa. Askari walipowaona hao waokozi wenye matambara, wakawa na shaka zaidi.

Ofisa wa Stanley aitwaye Jephson alizunguka vituoni na Emin akisoma barua ya Khedivu. Agosti 1888 maofisa wakaasi. Emin na Jephson waliwekwa kizuizini Dufile. Aliyeongoza uasi alikuwa Fadl el Mula, jina ambalo tutakutana nalo tena.

Siku nne za Dufile

Wakati maofisa wakigombana wao kwa wao, jeshi la Mahdi lilifika Lado Oktoba 1888 kwa stima tatu, likiongozwa na Omar Saleh. Rejaf ilitekwa. Maofisa wa uasi waliotoka kwenda kuirudisha walishindwa, na baadhi yao wakauawa.

Mambo yakageuka. Emin na Jephson wakaachiliwa wakaenda Wadelai. Dufile ikabaki mikononi mwa Selim.

Novemba 25, 1888 wafuasi wa Mahdi waliizingira Dufile. Ndani ya ngome walikuwamo askari kama 500 pamoja na familia zao. Mapigano yalikwenda siku nne. Mwisho wake washambuliaji walirudi nyuma hadi Rejaf wakiwa wamepoteza watu wengi. Kwa kuwa adui alikuwa akipanda kwa kufuata mto, tunaweza kusema kwamba siku zile nne ziliamua kama bendera ya Mahdi ingefika hadi Ziwa Albert au la.

Ngome ile ilikuwa na boma la udongo na handaki kuizunguka, na mabaki yake yapo hadi leo. Wanaakiolojia waliichimba kati ya mwaka 2006 na 2007. Mfanyabiashara anayetoka Koboko kwenda Moyo kwa njia ya Yumbe hayuko mbali na mahali hapo, ingawa wachache hukatiza safari kwenda kupatazama.

Kwa ushindi ule jina la Selim lilipanda. Alipofika mbele ya Stanley miezi michache baadaye, alikuwa ameshapata cheo cha Bey.

Tarehe ya mwisho yapita

Februari 1889 Selim na maofisa wenzake walikwenda Kavalli, juu ya milima inayoangalia Ziwa Albert upande wa Congo, katika nchi ya Ituri ya leo. Waliomba radhi kwa yaliyotokea, wakasema wako tayari kuondoka. Stanley aliwapa muda, na baadaye tarehe ya kuondoka ikawekwa kuwa Aprili 10, 1889.

Msomaji aliyewahi kuhamisha mji mzima atajua ugumu wa kazi hiyo. Selim alikuwa na stima mbili kuukuu, Khedive na Nyanza. Alipaswa kusomba askari, wake zao, watoto, vizee, watumwa, kuku na mawe ya kusagia kutoka Wadelai hadi kusini mwa ziwa. Stanley alitaka wasafiri wepesi. Askari wake Selim hawakuwa tayari kuacha mtu wala chungu.

Juu ya hilo likaja pigo jingine. Usiku mmoja Fadl el Mula na watu wake walivunja ghala la Wadelai, wakabeba risasi na baruti, wakatokomea. Walioamka asubuhi walijikuta na bunduki tupu. Selim aliandika barua kwa Stanley akimsihi angoje.

Stanley aliondoka Kavalli Aprili 10 kama alivyopanga. Njiani aliugua akalazimika kukaa karibu mwezi mzima, lakini Mei 8 aliendelea na safari. Desemba 4, 1889 yeye na Emin waliingia Bagamoyo wakapokewa kwa shangwe. Dunia ikatangaziwa kuwa Emin Pasha ameokolewa.

Selim alifika Kavalli akakuta majivu ya moto wa kambi. Hakurudi Wadelai kwa Fadl el Mula. Alibaki pale pale na watu wake.

Miaka miwili Kavalli

Katika miaka miwili iliyofuata, askari wale waliendesha serikali isiyo na serikali. Makarani waliendelea kuandika. Vyeo viliendelea kuheshimiwa. Nguo zilipokwisha, walilima pamba wakafuma nguo zao wenyewe. Bendera ya Khedivu iliendelea kupepea.

Julai 1891 alitokea mtu wasiyemtarajia. Emin alirudi. Safari hii alikuja akiwa mtumishi wa Wajerumani, akitaka askari wake wa zamani wamfuate. Wachache walikubali. Selim alikataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: Emin alikuwa mkubwa wake alipokuwa mtumishi wa Khedivu, na sasa hakuwa tena.

Emin aliendelea na safari yake kuelekea Congo bila Selim. Oktoba 1892 aliuawa huko Kinena kwa amri ya mfanyabiashara wa Kiarabu.

Septemba 1891, miezi miwili tu baada ya Selim kumkatalia Emin, alifika mgeni mwingine. Huyu alikuwa Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Lugard alikuwa Kampala tangu Desemba 1890 akiwa na askari wachache, katikati ya ugomvi wa Waprotestanti, Wakatoliki na Waislamu wa Buganda. Alihitaji bunduki, naye alijua mahali zilipo.

Lugard ameeleza katika kitabu chake alichokitoa mwaka 1893 jinsi alivyowakuta: askari wenye makovu ya vita vingi, wazee waliowahi kupigana hadi Mexico, na mkubwa wao mwenye mwili wa kujaza mlango. Aliwataka waingie katika utumishi wa Kampuni.

Selim alimjibu vile vile alivyomjibu Emin. Yeye ni askari wa Khedivu, na hawezi kubadili bendera bila ruhusa ya Khedivu. Baada ya majadiliano marefu wakaafikiana. Lugard angeandika Misri kuomba ruhusa, na Selim na watu wake wangekuwa chini ya Lugard wakati wakingoja jibu.

Oktoba 1891 msafara uliondoka Kavalli. Askari wenye bunduki walikuwa kama 600. Watu wote pamoja walizidi 8,000. Kwa kila askari mmoja walikuwapo zaidi ya watu 12 waliomtegemea. Walikuwa watu wa makabila mengi waliounganishwa na kambi moja na lugha moja ya Kiarabu cha kambini, ile iliyokuja kuitwa Kinubi.

Ngome za Toro

Wengi wao hawakufika Kampala. Lugard aliwapanga katika msururu wa ngome kwenye mpaka wa Toro na Bunyoro, ili kumlinda Kasagama, mfalme wa Toro, dhidi ya Kabarega wa Bunyoro.

Katika mpango huo walisahauliwa mara ya pili. Kampuni haikuwa na fedha, na chakula cha maelfu ya watu hakikupelekwa. Askari wakafanya yale waliyozoea kufanya huku kwetu. Walichukua kwa wenyeji, na watu wa Toro wakalalamika kwa uchungu. Mwaka 1893 Sir Gerald Portal, aliyetumwa na serikali ya Uingereza, aliamuru askari waondolewe katika ngome hizo. Aprili 1, 1893 Portal aliiteremsha bendera ya Kampuni pale Kampala akaipandisha ya Uingereza.

Kabla ya hapo, mwaka 1892, Lugard alifanikiwa kumleta Kampala Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu wa Buganda na ndugu yake Mutesa I. Selim alikuwa na mkono katika mazungumzo hayo. Mbogo alikuja kwa kuamini ahadi, na Selim, akiwa Mwislamu mwenzake, alikuwa sehemu ya ahadi hiyo.

Ahadi hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Kukamatwa na kifo

Portal aliondoka mwisho wa Mei 1893 akamwachia madaraka Kapteni Macdonald. Huyu na Lugard hawakuwa marafiki. Macdonald ndiye aliyepewa kazi ya kuchunguza mwenendo wa Lugard katika vita vya Mengo vya Januari 1892, na taarifa yake haikuwa ya kumsifu.

Mwezi Juni Waislamu wa Buganda walinung'unika juu ya ardhi ndogo waliyopewa na kazi za lazima. Macdonald alihofia kuwa wangeasi na kwamba askari wa Kisudani wangeungana nao. Selim, aliyekuwa Entebbe akiumwa, alimpelekea ujumbe kwamba wakimpiga vita Mbogo watakuwa wamempiga vita na yeye.

Kwa Macdonald huo ulikuwa uhaini. Juni 18, 1893 aliwanyang'anya silaha Wasudani wa Kampala, kisha akawageukia wa Entebbe, na Selim akakamatwa. Mbogo alipelekwa Zanzibar, alikokaa hadi mwaka 1895. Selim alihukumiwa kuondolewa nchini na kupelekwa pwani.

Mwili wake ulikuwa umevimba kwa maradhi, naye hakuifika pwani. Alifia Naivasha, Kenya, mwaka huo huo wa 1893. Askari aliyeilinda Dufile kwa siku nne dhidi ya jeshi la Mahdi alikufa njiani akiwa mfungwa wa watu aliowapa askari 600.

Nani aliandika, nani hakuandika

Je, Selim alikuwa msaliti?

Hapa ndipo msomaji wa vitabu vya vita anapotakiwa kuwa macho. Jephson na Stanley walitoa vitabu vyao mwaka 1890, Lugard mwaka 1893 na Macdonald mwaka 1897. Kila mmoja alikuwa na jambo la kutetea. Stanley alipaswa kueleza kwa nini aliondoka bila watu aliotumwa kuwaokoa. Lugard alipaswa kuitetea kazi yake Uganda. Macdonald alipaswa kueleza kwa nini alimfunga mgonjwa. Lugard alimtetea Selim kwa maandishi, lakini kwa kumtetea alikuwa akijitetea pia, kwani yeye ndiye aliyemleta.

Selim hakuacha kitabu. Tunamjua kwa kalamu za watu wengine tu, wengi wao wakiwa wageni waliokaa naye majuma machache.

Hata hivyo, matendo yake yanaweza kupangwa mstari mmoja. Alikataa kumwacha Khedivu kwa ajili ya Emin. Alikataa kumwacha Khedivu kwa ajili ya Lugard mpaka ruhusa iombwe. Alikataa kumwacha Mbogo baada ya kushiriki katika ahadi aliyopewa. Mtu anaweza kusema alikuwa mkaidi, au kwamba hakuelewa kuwa dunia imebadilika. Lakini ni vigumu kuonyesha siku ambayo alivunja neno alilolitoa.

Kosa lililomwua ni kuamini kwamba serikali zinatunza ahadi kama yeye. Misri ilimwacha. Stanley hakumngoja. Kampuni ilimweka Toro bila posho. Uingereza ilimkuta akiwa amefungwa na ahadi ya jana, ikamhukumu kwa mahitaji ya leo.

Waliobaki

Kisa hakikuishia Naivasha. Fadl el Mula alifanya mkataba na watu wa Mfalme Leopold wa Congo mwaka 1892, kisha akauawa na wafuasi wa Mahdi mwanzoni mwa 1894. Mwaka huo huo Mwingereza Thruston aliwachukua mabaki ya askari wake kutoka Mahagi akawaingiza katika utumishi wa Uganda. Hivyo makundi mawili yaliyotengana usiku ule wa Wadelai yakakutana tena chini ya bendera ya tatu.

Mwaka 1897 walipewa amri ya safari nyingine ndefu bila kuambiwa waendako. Walikuwa wametoka vitani wakaingia vitani, mishahara yao ilikuwa midogo na ilichelewa, na wake zao walitakiwa kubaki nyuma. Mkuu wa msafara huo alikuwa Macdonald yule yule. Wakaasi. Oktoba 19, 1897 walipigana naye kwenye ngome ya Lubwa, Busoga, na Thruston, aliyekuwa mateka wao, akauawa pamoja na wenzake wawili. Ilichukua miezi mingi na damu nyingi kuuzima uasi huo.

Walioendelea kuwa watiifu waliingia katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa Januari 1, 1902. Watoto na wajukuu wao walijaza safu zake. Lugha ya amri ikawa Kiswahili, na lugha ya nyumbani ikabaki Kinubi. Kutoka hapo ndipo lilipokuja jeshi ambalo vijana wengi wa Arua na Koboko walijiunga nalo, lile lililopeleka batalioni ya Uganda hadi Burma mwaka 1944. Mzee wa West Nile anayekitaja Kiswahili kama lugha ya jeshi anarithi kitu kilichoanzia katika msafara ule.

Mpaka nao ulibadilika juu ya vichwa vya watu. Nchi hii ilikuwa ya Misri, ikawa ya Leopold kwa kukodishwa mwaka 1894, ikarudishwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 ikaingizwa Uganda na Arua ikafanywa makao ya wilaya. Mtu aliyekaa kijiji kimoja bila kuhama aliishi chini ya tawala nne. Basi tusishangae kwamba miaka ya 1979 na 1980, vita vilipozuka, watu waliona Congo na Sudan kama nyumba za jirani. Walirudi katika miaka ya 1980 na kuendelea, wengine wakiwa na watoto waliozaliwa ng'ambo, na mara nyingi walilakiwa kwa swali ambalo watu wa Selim waliulizwa kila mahali: nyinyi ni wa wapi?

Wanubi walilingoja jibu la swali hilo kwa muda mrefu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliwaorodhesha miongoni mwa jamii za asili za nchi. Nchini Kenya, ambako askari wastaafu walipewa mahali pa kukaa Kibera mwanzoni mwa karne iliyopita, jamii yao ilikabidhiwa hati ya ardhi ya ekari 288 mwaka 2017. Hiyo ni zaidi ya miaka 120 tangu Selim afe njiani.

Kuna funzo hapa kwa kila mtu anayeishi kwa kuvuka mipaka. Selim alikuwa na bendera, cheo na neno lake. Hakuwa na karatasi yenye jibu la Khedivu. Ahadi ya mkubwa isiyoandikwa hudumu mpaka mkubwa huyo ahamishwe, na aliyekuja baada yake hailazimiki kuijua. Mfanyabiashara wa Oraba au Vurra analijua hilo kila afisa mpya anapofika kizuizini.

Funzo la pili ni la vitabu. Maofisa waliandika, na kwa sababu hiyo tunajua walichokula, walichoota na waliyemchukia. Askari wao hawakuandika, na kwa sababu hiyo maelfu ya watu waliotoka Kavalli mwaka 1891 wamebaki kuwa hesabu tu. Bado wako wazee Arua, Koboko, Yumbe na Bombo ambao baba na babu zao waliwasimulia habari za kambi, na wengine walizishika bunduki wenyewe. Wakiondoka bila kuulizwa, kilichobaki kitakuwa kile walichokiandika wakubwa wao. Daftari moja na kijana mwenye subira vinatosha kuanza kazi.